Chura wa Koitobos na bahari ya mahindi

Shangazi yangu ana shamba Lumakanda, na ndani ya shamba hilo kuna kona ambayo haijawahi kumpa hata debe moja la mahindi. Pale nyumbani kila mtu huiita "kule chini". Ni kibonde cha matete na ndago kinachochuruzika maji mwaka mzima kuelekea kijito, na kijito nacho hujikokota hadi mto Kipkarren. Ng'ombe akiingia huzama hadi magotini. Marehemu mumewe alijaribu mara mbili kukichimbia mitaro, akashindwa, akaishia kusema kwamba serikali ilipogawa mashamba ya walowezi katika miaka ya 1960 ilimuuzia baba yake ekari za udongo, ikamwongezea matope ya bure.

Usiku wa mvua za kwanza, Machi ikiisha au Aprili ikiingia, kule chini ndiko kulikokuwa na redio ya nyumba. Waliokuwa wakilia hawakuwa wa sauti moja. Kulikuwa na mmoja mwenye mlio kama tone zito la maji linalodondoka ndani ya mtungi uliojaa nusu. Huyo, nilikuja kujua baadaye, ni kasina, chura mwenye michirizi myeusi mgongoni anayetembea badala ya kuruka. Kulikuwa na wadogo wa kwenye matete wanaogonga kama vijiko kwenye bilauri. Na kulikuwa na yule wa madimbwini, anayekwaruza kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Shangazi hakuwa na majina yao, lakini alikuwa na kazi nao: wakilia siku tatu mfululizo bila kukatiza, alifungua gunia la mbegu. Aliwaamini kuliko watabiri wa hali ya hewa wa redioni, na kusema kweli hawakumwangusha mara nyingi.

Aprili iliyopita nilikwenda kumsalimu. Mvua ilikuwa imenyesha kuanzia alasiri, kumbikumbi walishaanguka na kuacha mabawa yao chini ya taa ya baraza, na tulikaa hapo hadi saa nne usiku tukila karanga. Kuna kitu kilikuwa kimepungua, nikawa sikijui ni nini.

"Senje," nikamwambia, "mbona kule chini kumenyamaza?"

Aliacha kutafuna, akasikiliza. "Wapo. Wawili, watatu. Tangu jirani apande ile miti, wanalia kama watu wa matanga waliochoka."

Ile miti ni mikaratusi, na nitairudia. Lakini kwanza nataka nikutoe kwenye baraza hiyo asubuhi yake, hewa ikiwa imeoshwa na mvua. Ukisimama kwenye sukumawiki za shangazi ukatazama kaskazini magharibi, unauona mlima Elgon, mpana, umelala kama ng'ombe anayecheua. Ukigeuka kusini huoni kitu ila mahindi na paa za mabati, lakini huko mbele, kupita Malava, uko msitu wa Kakamega. Baina ya mlima na msitu ndipo sisi tulipo: Lumakanda, Chekalini, Mautuma, Lugari yote. Tumezoea kujiita watu wa ghala la nafaka. Chura wa mlimani au wa msituni, kama angeweza kutuita, angetuita bahari.

Sisemi hivyo kwa kutafuta mafumbo. Mtu wa Pemba akikuambia anaishi kisiwani unamwelewa mara moja, kwa sababu unajua maji ya chumvi. Wataalamu wa viumbe hutumia neno hilo kwa upana zaidi. Kwao, mahali popote panapomfaa kiumbe, pakizungukwa na mahali asipoweza kupavuka, ni kisiwa. Na chura hupumua kwa ngozi yake pamoja na mapafu. Ngozi ikikauka, amekwisha. Shamba la Februari lililokwisha kulimwa na trekta, mabonge ya udongo yamepasukia juani, kwake ni upana usio na mashua. Ndege ataruka juu yake, nyani atalikatiza alfajiri akiiba mahindi njiani. Chura wa ardhini, wa majani makavu na mawe yenye unyevu, haendi popote. Alipozaliwa ndipo dunia yake inapoishia.

Sasa, kisiwa cha kaskazini kina msiba ambao haujawahi kutangazwa.

Katika safari yake ya 1933 na 1934, Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Loveridge alipanda Elgon akiwa na mitungi ya spiriti. Loveridge hakuwa mgeni huku. Alifika Nairobi 1914 kuhudumu katika jumba la makumbusho, akaingia Vita vya Kwanza vya Dunia huku akiendelea kuokota mijusi, kisha 1924 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kutunza mkusanyo wake wa nyoka, mijusi na vyura. Kwenye mto Koitobos, upande wa Kenya, juu zaidi ya mita 2,000, alikuta chura ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Mwaka 1935 akamchapisha kwa jina la Arthroleptides dutoiti.

Ni chura wa kijito chenye haraka. Jamii yake yote iko hivyo: hukaa juu ya miamba iliyolowa kando ya maporomoko, ncha za vidole zimepanuka ili zishike jiwe linaloteleza, na viluwiluwi vyao haviogelei dimbwini kama tulivyochora kwenye daftari za sayansi. Vina mkia mrefu, na hujibandika kwenye uso wa mwamba mahali ambapo maji ni utando mwembamba tu, vikilamba ukijani wa jiwe. Ndugu zake wako Tanzania, kwenye milima ya Tao la Mashariki. Mmoja ni wa Usambara. Mwingine alipewa jina mwaka 2002, na jina hilo ni la Kiswahili: Arthroleptides yakusini. Nilifurahi sana nilipolisoma, ingawa mwalimu wangu wa sarufi angelipiga mstari mwekundu. Chura ni wa kusini, angesema, si ya kusini. Hata akiwa ndani ya chupa ana uhai kwenye upatanisho.

Huyu wa Koitobos rekodi yake ya mwisho ni ya mwaka 1962. Piga hesabu. Bendera ilikuwa haijapandishwa. Katika Kenya iliyo huru hakuna mtu aliyethibitisha kumwona. Wamepanda watu kumtafuta, usiku, kwa tochi za kichwani na viatu vya mpira, mawe yakapinduliwa na kurudishwa, na Orodha Nyekundu ya dunia inamweka katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka. Alipokutwa ni mto mmoja, upande mmoja wa mlima mmoja. Watalii wanaopanda Elgon huenda kuwaona tembo wanaoingia pangoni usiku kulamba chumvi, jambo ambalo hata mimi ningelipa kulitazama. Hakuna bango linalomtaja chura.

Nani alimmaliza, kama kweli amekwisha? Hakuna shahidi. Lakini mtu yeyote aliyeuona mto wa mlimani ukibadilika rangi baada ya msitu wa juu kukatwa anaweza kukisia. Miti ikiondoka, mvua hupiga udongo mtupu, na udongo huo hushuka kama uji. Mahindi hayadhuriki sana. Jiwe ndilo linalodhurika: likifunikwa na utando wa tope, ule ukijani haumei, na kiluwiluwi aliyejibandika hapo hana chakula. Haihitaji sumu wala jembe kumfikia. Inatosha mtu kulima juu yake.

Kuna jambo linalonisumbua kila nikilifikiria. Koitobos huingia mto Nzoia. Kipkarren nao huingia Nzoia. Maji yaliyomlea chura yule na maji yanayochuruzika kule chini kwa shangazi hukutana, yakashuka pamoja hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Sisi na yeye tulikuwa watu wa mto mmoja, na nilijua habari zake kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na ushei.

Kisiwa cha kusini bado kina wenyewe. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho huku Kenya cha misitu ile mikubwa ya Kongo. Zamani za mvua nyingi ukanda wa miti ulifika huku kupitia Uganda. Hali ya hewa ilipokauka ukanda ukakatika, na baadaye binadamu tukamalizia kukata. Mipaka ya msitu wa serikali iliwekwa 1933, kama kilomita za mraba 240, miaka ambayo wazungu walikuwa wamejaa Kakamega wakitafuta dhahabu. Leo upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya Shirika la Wanyamapori. Isecheno, kusini, iko chini ya Shirika la Misitu. Pembeni kuna vipande vilivyochanika kama vile Kisere, Malava na Kaimosi. Kipande cha Malava unakipita ukiwa kwenye matatu ya Webuye. Kabla hujamaliza kumwambia jirani yako kwamba huu ni msitu, umekwisha.

Nilipokwenda Isecheno, kijana aliyenitembeza alikuwa hodari kweli. Alimjua ndege kwa mlio mmoja tu na akanionyesha mbega waliokaa juu kama nguo zilizoanikwa. Nilipomwambia nataka vyura alicheka, akasema, "Mzee, hao huwa tunawakanyaga." Lakini aliinama. Tulipekua majani makavu kando ya kijia chenye majimaji, polepole, jani baada ya jani, na baada ya dakika kumi hivi kipande kimoja cha jani kikaruka. Kilitua juu ya kidole cha kiatu chake. Kilikuwa kahawia juu ya kahawia, na urefu wake haukuzidi punje mbili za mahindi zikipangwa moja mbele ya nyingine. Koo lilikuwa likipiga haraka haraka. Tulikitazama, nacho kikatutazama, kisha kikarudi kuwa jani.

Siwezi kuapa kilikuwa chura gani, na nisingemwamini mtu aliyeapa bila kupeleka maabara. Hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo. Kwa miaka mingi vyura wadogo wa kahawia wa Afrika Mashariki walitiwa kapu moja, maana hata mtaalamu huwachanganya. Tangu 2001 mradi wa utafiti wa Wajerumani na Wakenya ulipiga kambi Kakamega kuhesabu kila kitu, kuanzia sisimizi hadi miti. Walipokuja kwenye vyura walikuta aina zaidi ya 20. Mwaka 2006 walimtangaza mmoja wa mitini, wakampa jina la Alex Duff-MacKay, mtaalamu wa zamani wa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Miongoni mwa waandishi alikuwapo Beryl Bwong, Mkenya wa makumbusho hayo hayo. Kisha mwaka 2010, baada ya kupima mwili, sauti na vinasaba, wakatenga kwenye lile kapu la kahawia chura wa ardhini aliyekuwa hajawahi kutambuliwa. Walimwita Phrynobatrachus kakamikro: Kakamega, kisha neno la Kigiriki la kitu kidogo. Ukilitamka haraka linafanana na jina la msanii wa gengetone.

Alikuwa hapo miaka yote. Wachimba dhahabu walimruka, wakata kuni walimruka, wanafunzi wa ziara za shule walimruka wakielekea kwa nyani. Sitaki kuwalaumu sana. Lumakanda nzima tunaweza kukaa kwenye kibaraza cha duka tukabishana kama hilo ni hindi la 614 au la 6213 kwa kutazama tu gunzi, na mshindi akapewa soda. Chura kwetu ni chura. Wabukusu watakuambia likhele, Kiswahili kitakuambia chura, na maelezo yamekwisha. Tunamgawia majina tunayemla au tunayemuuza.

Vyura wenye visiwa vya kweli hawako salama kuliko wa kwetu. Shelisheli, kwenye milima ya Mahé na Silhouette, yuko chura wa Gardiner, mwenye urefu wa kama sentimita moja, anayeishi kwenye majani yaliyoanguka. Wazee wake walikwama huko mamilioni ya miaka iliyopita, pande kubwa la bara lilipopasuka na India kuondoka zake. Hana kiluwiluwi cha majini. Yai hutagwa ardhini na chura mzima hutoka. Hana sikio la kati pia, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba husikia kwa kinywa, sauti ikivuma mdomoni mwake kama ndani ya kibuyu. Unaweza kudhani kiumbe aliyevumilia yote hayo hana la kuogopa. Anaogopa mdalasini. Uliletwa kwa ajili ya biashara, ukatoroka mashambani, ukavamia misitu ya asili ya visiwa. Pamoja na ukame unaopanda mlima kidogo kidogo, umemfanya awe miongoni mwa walio hatarini.

Na Tanzania, ambako hata dereva wa bodaboda anaweza kukusimulia habari za chura wa Kihansi, kisiwa kilikuwa cha manyunyu. Kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, maporomoko yalikuwa yakirusha ukungu wa maji juu ya majani mafupi, eneo la kama hekta mbili. Viwanja vitatu vya mpira vingelifunika. Humo tu, duniani kote, aliishi chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, asiyetaga mayai hadharani bali kuzaa watoto walio tayari na miguu. Alionekana na wataalamu mwaka 1996. Wakati huo huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu yake, la megawati 180, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2000 mitambo ilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yaligeuzwa kuelekea kwenye mabomba. Manyunyu yakakatika.

Mwisho wa mwaka huo vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Wengi walikufa huko kabla watunzaji hawajajifunza kuwalea. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza, kama ya bustani ya hoteli, na kwa muda yalifaa. Katikati ya 2003 walihesabiwa kwa maelfu. Miezi michache baadaye karibu wote walikuwa hawapo. Wa mwisho kuonekana porini alionekana 2005, na 2009 ikatangazwa kwamba porini amekwisha. Kizazi cha wale wa Marekani kilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, vyura 100, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, chini ya mvua ya mabomba. Vijiweni watu waliuliza kama chura anapanda ndege kwenda Marekani, je, mwananchi? Swali halali kabisa, kwa nchi iliyokuwa ikikatiwa umeme. Lakini angalia bei yenyewe ilivyopanda. Kumwacha chura na maji yake kungekuwa hesabu ya wahandisi. Kumrudisha kumekula miaka na fedha za mabara mawili, na bado anategemea bomba.

Kilichowamaliza wale wa Kihansi haraka namna ile, inaaminika, ni kuvu wa ngozi, ugonjwa ambao kiini chake kilipewa jina la kisayansi mwaka 1999 tu, na ambao umefagia vyura Amerika ya Kati na Australia. Huharibu ngozi hadi moyo unasimama. Uchunguzi uliochapishwa 2010 ulikuta kiini hicho kimeenea sehemu nyingi za Kenya, lakini bila vifo vya halaiki. Labda vyura wetu wamezoeana nacho. Mgonjwa wa kisukari huishi miaka mingi pia, mradi hajaongezewa jingine.

Hilo jingine ndilo tunaloongeza. Tathmini ya dunia iliyotoka 2023 ilisema asilimia 41 ya vyura na jamaa zao wako hatarini kutoweka, kundi lililo taabani kuliko wanyama wote wenye uti wa mgongo. Nilimsomea shangazi takwimu hiyo. Aliniuliza kama nimefunga lango la ng'ombe.

Turudi kwenye mikaratusi, kama nilivyoahidi. Jirani si mtu mbaya. Ana watoto wawili sekondari, na mahindi ya bei ya kutupa hayajawahi kulipa karo kwa wakati. Mkaratusi unasimama wenyewe, hauombi mbolea, na baada ya miaka michache mnunuzi wa nguzo za umeme au wa mbao za ujenzi anakuja na lori mwenyewe. Alipanda mia tatu na kitu kwenye ukingo wa kibonde, kwa sababu hapo ndipo unapokua haraka. Unakua haraka kwa kuwa unakunywa. Waziri wa mazingira wa wakati mmoja, marehemu John Michuki, aliwahi kuamuru miti hiyo ing'olewe kando ya mito na chemchemi, na kwa majuma machache kila chifu alikuwa mhifadhi. Kisha nguzo zikapanda bei. Majani yake yakianguka hayaozi upesi kama ya mvule. Yanabaki chini kama makaratasi, makavu, yanateleza, na hakuna chura wa ardhini anayeweza kulala unyevuni chini yake.

Ningependa hadithi iishie kwa jirani. Lakini siku ya pili nilimsaidia shangazi kunyunyiza dawa ya magugu. Zamani palizi ilikuwa ya watu sita na ugali wa mchana. Sasa ni yeye, pampu ya mgongoni na chupa ya kijani. Alipima dawa kwa kifuniko, akazidisha kidogo "kwa sababu mvua itaisukuma". Tulipomaliza, akaichukua pampu na kuelekea kule chini, mahali maji yalipo karibu, akaisuuza mara tatu. Povu lilielea juu ya dimbwi, likazunguka, likapita kati ya ndago. Ndani ya dimbwi hilo kulikuwa na viluwiluwi. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba baadhi ya dawa hizi huviua kwa wingi, na mara nyingi kosa si la dawa yenyewe bali la ile sabuni inayochanganywa ili dawa ishike jani. Nilimwambia. Alisimama na pampu ikidondoka maji.

"Sasa ningeisuuzia wapi?" akauliza. "Uani, kuku wanywe?"

Sikuwa na jibu zuri. Tulikubaliana juu ya shimo, mbali na kibonde, na nikalichimba mwenyewe jioni hiyo, malengelenge yakanitoka kama mtu wa ofisi.

Huku kwetu mwanasiasa akishindwa kujibu hoja hukimbilia methali moja: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nimeisikia kwenye mazishi, kwenye michango ya kanisa, hata kwenye mkutano wa bodi ya shule. Umati hupiga makofi. Nadhani ni methali iliyotungwa na mtu aliyesimama upande wa ng'ombe. Chura hakuwa akizungumza na ng'ombe hata kidogo. Alikuwa dume anayemwita jike, usiku uliopo na maji yaliyopo, kabla hayajakauka. Na katika kibonde cha shangazi mambo yamegeuka. Chura akinyamaza, maana yake maji yanaondoka, na atakayefuata kulia ni ng'ombe.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi Nairobi nilivaa viatu vya mpira vya marehemu nikashuka kule chini na tochi. Kutoka barazani nilikuwa nimesikia watatu. Nilipofika karibu wote walinyamaza, kama kawaida yao. Nikazima tochi nikasimama. Mbu walinila. Baada ya muda, karibu sana na mguu wangu wa kulia, tone likadondoka ndani ya mtungi. Nikasubiri la pili, kisha nikawasha. Alikuwa kasina, mwenye michirizi mitatu minene myeusi juu ya mgongo wa kijivu, mboni za macho zimesimama wima kama za paka. Hakuruka. Alinyanyua mkono mmoja, akauweka mbele, akanyanyua mguu, kama mzee anayevuka barabara ya Eldoret, akatembea juu ya jani moja kavu la mkaratusi, likamzungukia chini ya tumbo, akateleza, akajaribu tena kando yake ambako kulikuwa na ndago.

Shangazi ameamua kupanda nduma mle, safu kwa safu, bila kuchimba mitaro. Anasema nduma zina soko Turbo na zinapenda matope. Jirani amekubali kukata safu mbili za chini zikikomaa, ingawa hajasema lini.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu saa tatu usiku. Hakusalimu.

"Sikiliza," akasema, na nikajua ameinyoosha simu nje ya dirisha kuelekea kule chini. Kulikuwa na mvua juu ya bati, mbwa mmoja, na mtandao uliokuwa ukikatika. Nilibana simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Senje."

"Ni siku ya tatu," akasema. "Kesho tunapanda pale juu tena, mbegu za kwanza zilioza."